Namba Sita za Akiba

Wewe uliyewahi kunyimwa kazi kwa barua, uliitazama tarehe yake?

Hukuitazama. Hakuna anayeitazama. Mtu akishafika kwenye neno "tunasikitika", macho yake yanaacha kusoma na moyo unaanza kujilaumu. Labda nilijibu haraka mno. Labda ni hivi viatu. Labda nilipokohoa waliniona mgonjwa. Barua inakunjwa, inasukumwa chini ya godoro, na mtu anabaki na kosa asilolijua jina.

Hata huyu karani wa masijala, ambaye mkate wa watoto wake ulitoka kwenye barua kwa miaka ishirini na sita, hakuwahi kuzitazama tarehe hizo kwa jicho la shaka. Naye ndiye aliyezigonga mhuri.

Kazini walimwita Bwana Yah, kwa sababu ya lile neno fupi linalokaa katikati ya barua ya kiofisi kabla ya kichwa chake: Yah: Ombi la Kazi. Yah: Likizo. Yah: Kuvuja kwa Paa la Stoo. Kiwanda kilitengeneza magodoro, na chumba cha masijala kilitazama ua ambako sponji lilikatwa. Unga mweupe wa sponji uliingia dirishani hata dirisha likifungwa, ukatua juu ya makabati manne ya chuma, juu ya rejesta, juu ya nyusi za karani mwenyewe. Kila jioni aliifunika kompyuta kwa taulo kama mtu anayemfunika mtoto.

Kazi ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Nyumbani aliwahi kumwachia mkewe kikaratasi mezani: "Yah: Sukari. Imekwisha tangu jana. Naomba hatua za haraka." Mkewe, fundi cherehani, mwanamke asiyekosa jibu, akaandika chini yake: "Ombi limekataliwa. Duka liko palepale, na miguu unayo." Bwana Yah alicheka, akatoboa karatasi ile kwa mashine na kuihifadhi kwenye faili.

Alikuwa na imani moja tu ya kidunia, akiisema kwa kila aliyekuja kumwomba msaada wa barua: barua iliyoandikwa vizuri haihitaji mjomba.

Mwaka mmoja, mdogo wa mkewe akaja kukaa nao. Alikuwa amemaliza chuo, amesomea utunzaji wa stoo, na alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa nakala za barua thelathini na nane alizokuwa amekwisha kuzituma. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Bwana Yah akaomba azione. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akavua miwani.

Barua zote zilikuwa moja. Binti alikuwa ameinunua ikiwa imeshachapwa, kwenye duka la kutoa fotokopi, mahali pa jina pakiwa na nukta nukta; yeye alikuwa akibadilisha anwani tu. Aya ya pili ilieleza jinsi ambavyo kwa muda mrefu amevutiwa na "kiwanda chenu cha biskuti". Barua hiyo ilikuwa imekwenda benki, imekwenda kwenye shule mbili, na imekwenda hospitali.

"Shemeji," Bwana Yah akasema, "hospitali nayo inaoka biskuti?"

"Labda za wagonjwa."

"Na hapa umeandika una miaka ishirini na sita, afya njema, tabia nzuri na sura ya kuvutia. Unaomba kazi au unaomba kuolewa?"

"Yoyote itakayojibu kwanza, shemeji, mimi naenda."

Mkewe alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani. Lakini Bwana Yah hakucheka sana. Barua thelathini na nane ni nauli, ni stempu, ni miezi ya mtu kukaa akisubiri hodi. Jioni hiyohiyo alisogeza vitambaa pembeni, akafuta meza, na somo likaanza.

Kwa wiki tatu alimfundisha kama anavyofundishwa mtu kushona. Anwani yako huku, ya mwajiri kule, tarehe mahali pake. Yah iwe moja na inyooke. Barua yenye mambo mawili ni kama shati lenye kola mbili. Aya ya kwanza: unaomba nini na tangazo uliliona wapi. Aya ya pili ndiyo barua yenyewe, na hapo ndipo shemeji alipopata taabu. Kila alipoandika kwamba yeye ni mchapakazi, mwadilifu na mwenye kujituma, Bwana Yah alipiga mstari. Kwenye karatasi, alimwambia, hata mwizi ni mwadilifu. Niambie ulifanya nini.

Shemeji alidai hajafanya lolote. Baada ya kubanwa sana ndipo akakumbuka kwamba alipokuwa mafunzoni kwenye stoo ya hospitali, alikuta daftari linasema kuna mashuka mia tatu, rafuni yapo mia mbili sitini. Akafuata yale arobaini wodi kwa wodi, mpaka akayakuta kwa dobi, yamesahaulika kwenye pipa tangu mwaka uliotangulia.

"Sasa hicho nacho cha kuandika? Mashuka?"

"Hicho ndicho cha kuandika. Hayo mengine yote yatupe."

Waligombana tena kwenye kumalizia. Shemeji hakutaka "wako mtiifu". Alisema yeye si mbwa wa mtu. Bwana Yah akaeleza kwamba ni desturi tu, haimaanishi kitu. Binti akamuuliza kama barua nzuri inaweza kuwa na neno lisilomaanisha kitu, na mwalimu akalipiga mstari mwenyewe. Wakaandika "wako mwaminifu".

Haukupita muda, kiwanda kikatangaza nafasi ya mtunza stoo msaidizi. Shemeji akaomba. Usiku ule mkewe akamkalisha Bwana Yah, akamwomba akamnong'oneze meneja utumishi. Neno moja tu, alisema. Mdomo haulipiwi kodi. Bwana Yah akakataa. Hakuwahi kumsemea mtu tangu aajiriwe, na asingeanza kwa shemeji yake. Akarudia msemo wake kuhusu barua nzuri na mjomba.

"Wanaosema hivyo," mkewe akamjibu, "ni wale wenye wajomba."

Barua mia moja na kumi na mbili ziliingia masijala. Walioitwa kwenye usaili walikuwa saba, na shemeji alikuwa mmoja wao. Bwana Yah mwenyewe ndiye aliyechapa barua ya kumwita: Ijumaa, saa tatu asubuhi, ukumbi mdogo wa mikutano. Meneja hakujua kwamba yule binti ni mtu wa nyumbani kwa karani wake, na Bwana Yah aliona fahari kwamba hakujua. Alimpelekea mkewe habari hizo akiwa amesimama mlangoni, kifua mbele. Umeona, alimwambia. Umeona barua inavyotembea yenyewe?

Basi ikaja Alhamisi.

Sekretari wa meneja alikuwa kwenye likizo ya uzazi, ndiyo maana meneja alikuja masijala kwa miguu yake, jambo la nadra. Alifuta kiti kwa kitambaa, akaona unga wa sponji ulivyobaki kwenye kitambaa, akaghairi kukaa. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye shajara.

"Hizi ni za matokeo," akasema. "Sita. Maneno yaleyale ya siku zote. Niletee nisaini leoleo, maana Jumapili nasafiri na sirudi kabla ya wiki mbili. Tarehe iache wazi. Utajaza Jumatatu, halafu uzitume."

Bwana Yah akaitikia sawa mkuu, akafungua kompyuta. Mikono yake iliijua barua ile kuliko ilivyoujua uso wake mwenyewe. Aliitunga yeye, miaka kumi na saba nyuma, baada ya kuona kwamba walioshindwa walikuwa wakiandikiwa neno moja, "Hukufaa", kama mbao. Akaitunga ya kiungwana: Kufuatia usaili uliofanyika tarehe fulani, na baada ya kuyapima majibu yako kwa makini, tunasikitika kukujulisha kwamba safari hii hukufanikiwa. Hatuna shaka juhudi zako zitazaa matunda kwingine. Sifa moja ya barua hiyo ni kwamba watu waliwahi kuja kumshukuru. Fikiria hilo. Watu walikuja kushukuru kwa namna walivyokataliwa.

Akaingiza jina la kwanza. Akafika kwenye tarehe ya usaili, akainua macho kuitafuta kwenye kalenda ya ukutani.

Ijumaa. Kesho.

Alidhani amekosea kusoma. Akatazama saa ya mkononi, akatazama simu. Kisha akamuuliza mhasibu wa chumba cha pili, kupitia uwazi wa ukutani, leo ni siku gani.

"Alhamisi, Bwana Yah. Uzee huo, kapime macho."

Akachukua ile karatasi ya shajara na kuisoma upya, polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyooza. Majina sita. La tano lilikuwa la shemeji yake, majina yake yote matatu, halina hata herufi moja iliyokosewa.

Masikio yake yakaanza kuvuma kama mashine ya kukatia sponji, na kwa muda hakuwa na hakika kama ni masikio au ni mashine. Watu hawa hawajaulizwa swali hata moja. Kesho wataamka, watapiga pasi, watapanda gari, watakaa mbele ya meza na kujibu kwa midomo mikavu, na majibu yao tayari yameshapimwa kwa makini. Yamepimwa leo, kabla ya chai ya saa nne.

Jina la saba ndilo halikuwepo. Bwana Yah alikuwa na orodha ya walioitwa kichwani: aliyekosekana ni kijana mmoja ambaye barua yake ilikuwa na mistari mitatu, haina Yah, haina hata saini. Jina lake la mwisho lilikuwa lilelile la meneja. Bwana Yah aliliona siku barua ilipoingia, akajisemea kwamba majina hufanana. Mtu mzima, na akili zake, akajisemea hivyo.

Alichapa. Usimlaumu, mtu aliyepigwa na butwaa hufanya lile ambalo mikono imezoea. Alizipeleka barua sita kwa meneja, meneja akazisaini huku akizungumza kwenye simu kuhusu tairi la gari. Hakusoma hata moja. Saini sita zilichukua muda mfupi kuliko chafya.

Saa saba akaenda nyumbani kula, maana hapakuwa mbali. Alipanga kusema. Njia nzima alizipanga sentensi, aya ya kwanza, aya ya pili. Alipofungua mlango akamkuta mkewe yuko chini, pini mdomoni, anaipunguza sketi ya mdogo wake kiunoni, na shemeji amesimama juu ya stuli kama sanamu, ameshika barua yake ya kuitwa, anaisoma tena ingawa ameshaikariri.

"Shemeji, niulize," akasema. "Leo ndiyo siku ya mwisho. Usinionee huruma."

Bwana Yah akakaa. Akanywa maji, akauliza lile la kawaida kabisa: kwa nini tukuchukue wewe na si mwingine?

Shemeji hakujibu haraka. Akashuka kwenye stuli, sketi imejaa pini.

"Kwa sababu nikikuta daftari linasema magodoro mia mbili na mimi nimehesabu mia na tisini na tisa, sitalisahihisha daftari. Nitalitafuta godoro."

Mkewe akatoa pini mdomoni, akasema hilo jibu hata yeye angeliajiri. Bwana Yah alikitazama chakula kilichokuwa mbele yake kama kitu cha mtu mwingine. Mkewe akamgusa paji la uso, akauliza kama ni homa. Akasema ni kichwa tu. Akaondoka bila kula, na bila kusema.

Aliporudi masijala alifunga mlango kwa funguo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Kuna kitu kilichokuwa kikimtafuna tangu mezani. Ili barua itoke, lazima ipewe namba, na namba zote hutoka kwenye rejesta yake. Sekretari alikuwa na utaratibu wake: siku chache kabla ya usaili, alikuja dirishani na kusema, Bwana Yah, nipe namba nane za akiba, nipe namba tano za akiba, nisije nikakuchelewesha wiki ijayo. Kisha alimtajia majina, naye aliyaandika kwa tarehe ya siku ileile; barua zenyewe zilimfikia baadaye, zikisubiri mhuri tu. Siku zote alimsifu dada yule kwa kupanga kazi mapema. Aliwahi hata kumpendekeza kwa tuzo ya mfanyakazi bora.

Akafungua rejesta. Akatoa na faili la nakala za barua za kuwaita watu kwenye usaili. Akaviweka pamoja mezani, kitu ambacho katika miaka yote hiyo hakikuwahi kuhitajika, maana kimoja hukaa kabati la pili na kingine la nne.

Usaili wa madereva: tarehe kumi na nne. Rejesta, Yah: Matokeo ya Usaili, majina matano: tarehe kumi na mbili.

Usaili wa wapokea wageni: tarehe tatu. Matokeo: tarehe mbili.

Walinzi. Mafundi umeme. Wasafishaji, Mungu wangu, hata wasafishaji. Akarudi nyuma mwaka mmoja, akarudi miwili, akarudi minne. Wakati mwingine pengo lilikuwa siku moja, wakati mwingine wiki nzima. Majina ya watu waliokuja kwenye benchi lile la mbao na viatu vilivyong'arishwa, na kila jina lilikuwa kwenye mwandiko mzuri wa mviringo, wino wa bluu, mistari iliyopigwa kwa rula. Mwandiko wake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema itakuwaje siku utakapogundua kwamba nguo yenyewe umeishona wewe.

Alijaribu kuhesabu wangapi, akaacha alipovuka mia mbili.

Ukutani, juu ya kabati la kwanza, palikuwa na karatasi aliyoibandika mwenyewe kwa ajili ya makarani wapya: BARUA HUBEBA TAREHE YA SIKU ILIYOSAINIWA. Alikuwa amewagombeza watu wengi kwa kanuni hiyo. Alibakiza miaka mitatu kustaafu. Akijaza tarehe ya Jumatatu, atafika huko salama, na shemeji atalia wiki moja kisha atatafuta kwingine. Akijaza ya leo, unga utamwagika, na si unga wa sponji.

Akakaa na mawazo hayo muda usiozidi robo saa. Kisha akauzungusha mhuri wa tarehe, akaupuliza, na kugonga: Alhamisi. Mara sita. Akaingiza namba kwenye rejesta, akafunga bahasha, akamwita tarishi.

Tarishi wa kiwanda alikuwa mama mnene mwenye pikipiki, aliyeitwa Faraja kwa utani, kwa kuwa barua alizopeleka zilikuwa za kukataliwa zaidi. Akazipindua bahasha.

"Hizi si ndizo za Jumatatu? Meneja alinidokeza."

"Tarehe inasemaje?"

"Inasema leo."

"Basi ni za leo, mama. Wote wako hapahapa mjini. Wasaini kwenye daftari."

Tarishi akamtazama sana. Akavaa kofia yake ya pikipiki bila kuuliza tena.

Saa kumi na moja na nusu, Bwana Yah alipofika nyumbani, barua ilikuwa imemtangulia. Cherehani ilikuwa kimya. Shemeji alikuwa amekaa kwenye stuli ileile, na mkewe amesimama nyuma yake, mikono mabegani mwa mdogo wake. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililomtisha. Walikuwa na sura za watu walioona ajali na bado hawajajua imempata nani.

"Shemeji," binti akasema, "hii Yah ni yako. Naijua unavyoipigia mstari."

"Ni yangu."

"Inasema nimeshaulizwa na kushindwa. Sijaulizwa, shemeji. Naulizwa kesho." Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, kama kwamba huko nyuma kungekuwa na maelezo. "Au mimi ndiye nimechanganyikiwa?"

Akawaeleza yote, tangu shajara hadi rejesta yenye mwandiko wake mwenyewe. Mkewe alikaa chini polepole. Bwana Yah alingoja aambiwe kwamba alionywa kuhusu wajomba, angestahili. Mkewe hakulisema. Aliuliza swali moja tu: na wewe watakufukuza? Akajibu kwamba hajui, labda. Mwanamke akatikisa kichwa mara kadhaa, akainuka, akaenda kuiwasha pasi.

"Unapiga pasi nini?" shemeji akauliza. "Si wameshanikataa?"

"Barua ya kukuita haijafutwa," Bwana Yah akasema. "Barua hufutwa na barua, na hii haikusema popote kwamba usiende. Nenda. Zibebe zote mbili."

Asubuhi iliyofuata, saa mbili na nusu, benchi la mbao nje ya ukumbi mdogo lilikuwa limejaa. Bwana Yah alipita na mafaili kifuani, akaogopa kutazama, akatazama. Watu sita, na kila mmoja ana karatasi mbili mapajani. Walikuwa wameshaonyeshana. Hawakupiga kelele, walikuwa wakisoma barua za wenzao kwa zamu, midomo ikitembea, kama watu wanaolinganisha vyeti vya ugonjwa mmoja. Wa saba, kijana mwenye suti mpya, alikuwa amekaa mwishoni na simu yake, mikono haina karatasi.

Ndani, meza ilikuwa na watu watatu: meneja, mhasibu mkuu, na mjumbe wa bodi kutoka nje, mama aliyestaafu ualimu wa hesabu, ambaye kila mara aliletwa kusaini posho na kuitikia kwa kichwa. Kwa kuwa sekretari hakuwepo, Bwana Yah alikaa pembeni kuandika muhtasari.

Akaitwa wa kwanza. Alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza mvi, aliyewahi kuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kilichofungwa. Alisalimia, akaombwa akae, hakukaa. Akaiweka barua mezani, akainyoosha kwa viganja viwili.

"Samahani, waheshimiwa. Kabla hatujaanza. Naomba kujua nilikosea swali lipi."

Mjumbe wa bodi akavuta barua, akaisoma, akavaa miwani, akaisoma tena. Akatazama tarehe ya juu, akatazama tarehe ya ndani. Akainuka, akafungua mlango, akauliza benchi zima ni nani mwingine mwenye barua kama hii. Karatasi tano zikainuka.

"Kosa la masijala hilo," meneja akasema haraka. "Karani amekosea tarehe."

Bwana Yah akasimama. "Tarehe ni ya siku uliyosaini, mkuu."

"Mimi siulizi tarehe," mjumbe akasema, bado ameshika kitasa. "Nauliza majina yalijulikanaje." Akamgeukia karani. "Barua ngapi zimetoka namna hii?"

"Mwaka huu, mama, au tangu mwanzo?"

Mhasibu mkuu akaiweka kalamu chini.

"Lete rejesta," mjumbe akasema.

Aliikimbilia, mwanamume wa miaka hamsini na saba, akipita katikati ya unga wa sponji. Aliporudi akihema, mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, meneja yuko dirishani amewapa watu mgongo na simu sikioni, na kwenye benchi nafasi ya mwisho ilikuwa tupu.

"Yule wa suti kaenda zake," shemeji akamwambia kwa sauti ya chini. "Tulimpa barua asome. Kasema yeye aliambiwa aje kusaini tu, hakujua kama kuna maswali."

Mjumbe wa bodi akatoka. Hakuipeleka rejesta ndani. Aliipokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye ile nafasi iliyoachwa, bega kwa bega na shemeji, akaifungua magotini kuanzia ukurasa wa kwanza, na kuanza kuyasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine.